Hela ya Masoko, Madaftari ya Januari: Kupanga Malezi kwa Kalenda ya Tabora

Mkulima wa Urambo, Kaliua, Sikonge au Uyui halipwi mwisho wa mwezi. Analipwa masoko ya tumbaku yakifunguliwa, na malipo yakichelewa, kama yanavyopenda kuchelewa, anasubiri hadi watu wanaanza kusafisha mashamba upya. Mtoto wake anataka madaftari Januari, dawa ya malaria Machi, na uji kila asubuhi ya Mungu. Muda nao una msimu wake. Tangu vitalu vinapomwagiliwa hadi moto wa mwisho unapozimwa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, mzazi hana nafasi hata ya kuuliza shuleni walifundishwa nini. Halafu kiangazi kinaingia, kazi zinaisha, na baba anashinda kijiweni akicheza bao.

Wazazi wengi wa huku ninaowafahamu wanawapenda watoto wao, na fedha huwa wanaipata. Tatizo ni kwamba fedha inafika mwezi ambao mtoto haidai, na nafasi inapatikana mtoto akiwa amekwenda likizo kwa shangazi. Hatua zinazofuata ni za kuvikutanisha hivyo viwili. Nimewalenga wakulima, lakini bodaboda wa mjini, mama anayeuza dagaa stesheni na mwalimu mwenye mshahara nao watapata chao cha kuchukua.

Hatua ya kwanza: chora mwaka wa mtoto

Nunua kaunta buku moja, hiyo iwe ya malezi, usichanganye na madeni ya dukani. Fungua kurasa mbili zinazotazamana. Upande wa kushoto andika miezi, kulia andika vitu viwili kwa kila mwezi: mtoto atadai nini mfukoni, na atadai nini kwenye muda wako. Ukiwa na watoto wanne, kila mmoja na kurasa zake. Usiwachanganye, maana wa chekechea na wa kidato cha pili hawafanani hata kidogo.

Januari inajaa kwanza: sare, viatu, madaftari, begi, na kama kuna anayeanza kidato cha kwanza, ile karatasi ya maelekezo ya kujiunga yenye orodha ndefu hadi ndoo na ufagio. Ada shule za serikali ilifutwa kuanzia 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa kwa kidato cha tano na sita, lakini atakayekuambia kusoma ni bure hajawahi kununua viatu vya watoto watatu kwa mpigo. Kuna mchango wa chakula cha mchana, mitihani ya majaribio, nauli ya anayekaa mbali. Septemba kuna mtihani wa darasa la saba. Oktoba na Novemba kuna upimaji wa darasa la nne na wa kidato cha pili, kisha mtihani wa kidato cha nne. Miezi hiyo inadai muda zaidi ya fedha, na bahati mbaya ndiyo ya kuandaa mashamba na kuhamisha miche.

Ukishajaza, jumlisha safu ya fedha. Kisha chukua ulichopata msimu uliopita baada ya chama cha msingi cha ushirika kukata mkopo wa pembejeo, ukigawe kwa 12. Tuseme mkononi ilibaki shilingi 2,400,000. Siku ya kulipwa ni hela nyingi, inatosha pikipiki iliyotumika na chenji ikabaki. Ukigawa kwa miezi 12 ni shilingi 200,000 kwa mwezi kwa nyumba nzima. Hiyo 200,000 ndiyo kipato chako halisi. Liandike jibu hilo kwa kalamu nyekundu juu ya ukurasa, na mume na mke wote wawili walione kabla masoko hayajafunguliwa.

Hatua ya pili: igawe hela kabla haijazoea mfuko

Tabora kila mtu anaujua utani wa masoko: tumbaku ikilipwa, bei ya bia inapanda, redio zinaongezeka sauti, na mwanamume aliyekuwa anaitwa Baba Fulani ghafla anatafutiwa jina jipya na mke mdogo. Tunacheka, lakini watoto wa mke mkubwa huwa hawacheki Januari ikifika.

Kwa hiyo fanya mgao siku ileile, na ikiwezekana hapohapo benki, kabla hujapanda gari la kurudi kijijini. Nenda na mwenzako. Kama ana mtoto mgongoni, aende naye hivyohivyo. Mafungu ni matatu.

La kwanza ni la Januari. Hili lifungie. Benki nyingi zina akaunti ya muda maalumu, unaweka kwa miezi mitatu, sita au zaidi, na huigusi hadi tarehe iliyoandikwa. Uliyelipwa Julai ukifunga kwa miezi sita, hela inaiva Januari, na faida kidogo juu. Uliza kwanza kiwango cha chini, maana kila benki ina chake, na uliza pia ukiivunja kabla ya muda unapoteza nini. Kama kiasi chako ni kidogo kuliko wanachotaka, tumia kikoba. Ila hapa kuna jambo la kulisimamia kwenye mkutano: mzunguko uvunjwe mwanzoni mwa Desemba. Vikoba vingi vinavunjwa tarehe yoyote ambayo vilianzishwa, watu wanagawana hisa Agosti wakati kila mmoja bado ana hela ya tumbaku, Januari inawakuta wote wakiwa hawana kitu na mfuko wa kukopeshana uko tupu. Kubadilisha tarehe hakuna gharama. Ni kukubaliana tu.

Vingine vya Januari usivisubiri Januari. Sare ishonwe Agosti. Fundi ana nafasi, bei inazungumzika, na huwezi kuambiwa "njoo kesho" wiki ya kufungua shule. Mtoto anayekua mkatie kubwa kidogo na pindo liachwe refu. Madaftari nunua kwa dazeni. Viatu pekee ndivyo visubiri Desemba, kwa sababu mguu wa mtoto haungoji.

Fungu la pili ni la kila mwezi: sabuni, mafuta, kusaga, mchango wa chakula shuleni, dharura ya zahanati. Gawa kiasi kwa idadi ya miezi iliyobaki hadi masoko mengine na uweke mahali ambapo kuitoa kunakugharimu hatua, kwa mfano kwenye simu ya mama badala ya mfuko wa shati wa baba. Makato ya kutoa yapo, ndiyo, lakini ni madogo kuliko makato ya marafiki.

La tatu ni la shamba na mengineyo yote, pamoja na starehe. Starehe isinyimwe fungu, la sivyo itajikatia yenyewe kwenye mafungu ya wengine.

Hatua ya tatu: uza tumbaku, usiuze chakula

Hili naliweka peke yake kwa sababu ndilo linalowaumiza watoto kuliko kukosa ada. Juni mahindi ni mengi, wanunuzi wanapita na malori, wanafunga lumbesa, mtu anauza magunia kwa bei ya kutupa ili apate hela ya haraka huku akisubiri malipo ya tumbaku. Februari anayanunua yaleyale kwa debe, kwa bei ambayo hata haitaji hadharani. Na Februari ndio mwezi wa kuvuna tumbaku, watoto wanatembea kwenda shule na tumbo tupu.

Pima mwenyewe. Mwezi mmoja wa kawaida, hesabu nyumba yako inamaliza debe ngapi. Zidisha kwa miezi iliyobaki hadi mahindi mapya yakauke, kisha ongeza kidogo kwa wageni, kwa sababu nyumba isiyopata wageni huku haijazaliwa. Debe sita ni gunia. Kiasi hicho hakiuzwi, hata tajiri wa kijiji akija na noti mpya. Fanya hivyohivyo kwa maharage na karanga.

Kuhifadhi ni nusu ya kazi. Kausha juu ya turubai, siyo juu ya udongo, na hasa karanga zianikwe upesi baada ya kung'olewa. Mahindi na karanga zikipata unyevu huota ukungu unaotengeneza sumukuvu, sumu inayodhuru ini na ambayo haitoki kwa kupikwa wala kuoshwa. Zilizooza, zilizosinyaa na zenye rangi ya ajabu zichambuliwe zitupwe, wala usimsagie mtoto ukisema "hizi za uji tu". Mifuko isiyopitisha hewa inauzwa kwenye maduka ya pembejeo. Ni ghali kuliko gunia la kawaida, lakini wadudu wanakufa humo bila dawa, na ukiitunza isitoboke unaitumia zaidi ya msimu mmoja.

Michembe na matobolwa usivione vya kizamani. Viazi vitamu vilivyokaushwa Julai vinaokoa asubuhi za Januari, na mtoto anaweza kubeba matobolwa na karanga shuleni yakawa chakula chake cha saa nne.

Hatua ya nne: kwa wadogo, wekeza mapema

Mwenye mtoto wa chini ya miaka miwili asome hapa polepole. Kuanzia mimba hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, ubongo na urefu wake unajengwa kwa kasi ambayo hairudi tena. Hela kidogo ya wakati huu inafanya kazi kubwa kuliko masomo ya ziada ya kidato cha tatu.

Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Hilo linamgharimu mama muda, kwa hiyo gharama yake ni ya nyumba nzima: anayenyonyesha asitoke kwenda shamba la mbali alfajiri akarudi jioni. Apewe kazi za karibu. Baba akisema haiwezekani msimu huu, aulizwe kibarua mmoja wa palizi analipwa shilingi ngapi kwa siku, kisha aulizwe maziwa ya kopo ni shilingi ngapi.

Miezi sita ikitimia uji unaanza. Wengi wetu tunanunua au kusaga ule unga wa "lishe" wenye mahindi, mtama, ulezi, ngano, soya, karanga na kila kilichopatikana, tukidhani vikiwa vingi ndiyo bora. Siupendi. Karanga na soya zikisagwa pamoja na nafaka, mafuta yake huharibika haraka, unga unachacha, na mtoto akikataa hujui amekataa nini. Tumia unga wa nafaka moja au mbili, uji uwe mzito wa kushika kijiko, na ukishaiva ongeza karanga zilizotwangwa siku hiyo, au maziwa, au dagaa wa Kigoma walioshwa, kukaushwa na kutwangwa kuwa ungaunga. Dagaa hao wanashuka na treni pale stesheni kila mara, hakuna sababu mtoto wa Tabora akue bila wao. Yai moja la kuku wa hapo nyumbani lipite kwa mtoto kabla ya kwenda gulioni. Embe likiwa msimu, apondewe.

Na asali, ambayo mkoa wetu unajivunia: mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asiilambe kabisa, hata kidogo cha kumtuliza. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvidhibiti, vikatoa sumu inayolegeza misuli hadi ya kupumulia. Akivuka mwaka, mpe.

Kadi ya kliniki itunzwe kama hati ya kiwanja. Chanjo zinaanza siku ya kuzaliwa, zinafuata wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ya surua na rubela miezi 9 na tena miezi 18. Wengi wanaacha baada ya ile ya miezi 9, na hiyo ya miezi 18 inaweza kuangukia masika. Iandike kwenye kaunta buku. Matone ya vitamini A na dawa za minyoo hutolewa mara mbili kwa mwaka kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Malaria huku ni nyingi, hivyo chandarua kiwe kinatundikwa kweli, kisigeuzwe uzio wa bustani ya mchicha. Mtoto akipata homa, apimwe siku hiyohiyo. Shilingi unazokwepa kwa kusubiri keshokutwa zitadaiwa zote Kitete, hospitali ya mkoa, akiwa na upungufu wa damu.

Hatua ya tano: karatasi

Fupi, lakini usiiruke. Cheti cha kuzaliwa kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano kinapatikana bila malipo kupitia kituo cha afya au ofisi ya kata. Akipita hapo, unaingia kwenye ada na safari za wilayani. Herufi za jina kwenye cheti, kwenye rejista ya shule na kwenye usajili wa mtihani wa darasa la saba zilingane zote. "Shabani" huku na "Shaaban" kule, au jina la babu limeingia mahali pa jina la baba, litamletea viapo na wanasheria akiwa anaomba mkopo wa chuo, kwa sababu Bodi ya Mikopo inataka cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Mwombe mwalimu mkuu akuonyeshe jina linavyosomeka kabla halijatumwa.

Hatua ya sita: muda wa masika

Hapa ndipo ninapotofautiana na wazee wengi, nao wananijua. Husemwa mtoto asiyelima hatajua maisha. Sawa, alime. Apalilie mahindi Jumamosi, achote maji, achunge mbuzi baada ya shule. Tumbaku ni kitu kingine. Majani mabichi, hasa yakiwa na umande au mvua, hutoa nikotini inayopenya kwenye ngozi. Mtoto anatapika, kichwa kinamzunguka, anakosa usingizi, na tunasema ana malaria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na kazi za hatari zimekatazwa hadi atimize 18. Kuchuma na kubeba majani mabichi, kupulizia dawa na kuchochea moto wa bani usiku ni kazi za mtu mzima. Mtoto aliyekesha bani analala darasani, na mwalimu ataandika "mzito wa kuelewa".

Hesabu ya kibarua iingie kwenye bajeti ya shamba tangu Septemba. Kama tumbaku yako hailipi mpaka watoto waifanye bure, basi eneo ulilolima ni kubwa kuliko uwezo wako. Punguza.

Kuna familia zinazohamia porini kwenye mashamba ya mbali kuanzia Oktoba, na shule inabaki kijijini. Kumchukua mtoto ni kumwachisha shule miezi sita. Kumwacha kwa bibi ni sahihi, lakini bibi asiachiwe mtoto mtupu. Aachiwe na mahindi yaliyopimwa, sabuni, hela ya kusaga, kadi ya kliniki, namba ya mwalimu wa darasa, na simu yenye chaji. Mzazi mmoja arudi walau kila baada ya wiki mbili, na siku hiyo apitie shuleni kabla ya kupitia kilabuni. Kitu cha kumwuliza bibi usiku huo ni kimoja: nani anakuja kuwatembelea watoto nisipokuwepo?

Kwa wanaolala nyumbani, msimu wa mvua tafuta nusu saa moja tu isiyohama. Wengine wanaipata alfajiri uji ukichemka, wengine baada ya ugali wa usiku. Taa ndogo ya sola inatosha. Katika nusu saa hiyo mtoto asome kwa sauti, wewe ukichambua mboga. Kama hujui kusoma, haidhuru. Mpe mfuko wa mbolea, pakiti ya chumvi au karatasi ya mahubiri, asome, halafu akuambie kwa maneno yake kimesemwa nini. Akishindwa kueleza, hajasoma, ametamka tu. Mwambie ahesabu karanga mafungu kwa mafungu. Mtoto wa darasa la tatu ambaye bado anapapasa kwenye kusoma anahitaji uende kwa mwalimu wiki hii, usingoje kikao cha wazazi. Kila Jumapili pitia madaftari: tarehe zinafuatana? Kuna alama za mwalimu za vyema na kosa, au kurasa tupu? Ukiona wiki mbili zimerukwa, ama mtoto hakwenda ama mwalimu hakuja, na yote mawili yanakuhusu.

Lugha ya nyumbani isiwatishe. Zungumzeni Kinyamwezi au Kisukuma na hadithi zake zote, Kiswahili atakichukua shuleni na kwa wenzake kabla hujageuka.

Hatua ya saba: muda wa kiangazi

Baba, huu ndio wako. Juni hadi Agosti kazi zimepungua, na likizo ya katikati ya mwaka inaangukia hapo. Mchukue mtoto mnapokwenda kupima tumbaku. Umri wa darasa la sita unatosha kusoma karatasi ya malipo: kilo ngapi, daraja gani, bei gani kila daraja, mkopo wa pembejeo umekatwa kiasi gani. Akokotoe mwenyewe kwa kalamu, kisha alinganishe na kilichoandikwa. Ni hesabu anayoielewa kwa nini ipo, na wakati mwingine anaona kosa ambalo wazee wote wamelisaini.

Mjini kuna jengine la kufanya. Waliofika Tabora School, alikosoma Mwalimu Nyerere kuanzia 1937, wapitishe watoto wao hata kwa nje tu, waone majengo. Waende stesheni waone reli inavyogawanyika, ya Kigoma na ya Mwanza. Nauli ya daladala na ndizi mbili, siku imekwisha, na umezungumza naye kuliko mwezi mzima wa Machi.

Kumpeleka mtoto mdogo bweni ili "apate malezi bora" naiona ni kuwalipa wengine wafanye kazi uliyonayo nafasi ya kuifanya. Isitoshe, waraka wa elimu wa mwaka 2023 ulizuia bweni kwa wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Subiri akue.

Hatua ya nane: binti asihesabiwe ng'ombe

Nitasema kwa ufupi kwa kuwa kila mtu anajua ninachosema. Mahari inayolipwa binti akiwa na miaka kumi na mitano ni mkopo mbaya: ng'ombe wanaisha kwa ugonjwa au kwa kuozesha kaka, na yeye anarudi nyumbani na watoto wawili. Kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi ni kosa lenye kifungo cha miaka 30 tangu sheria ya elimu ilipobadilishwa mwaka 2016, na aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule tangu mwishoni mwa 2021. Kwenye ukurasa wake wa kaunta buku ongeza mistari miwili ambayo kaka yake hana: taulo za kike kila mwezi, na chanjo ya mlango wa kizazi, dozi moja, kati ya miaka 9 na 14, bila malipo. Kama sekondari iko mbali, baiskeli yake inunuliwe kwenye masoko, kabla ya redio. Lifti za pikipiki ndizo zinazoanza mengi.

Hatua ya tisa: akiba ya miaka kumi

Ukishamaliza mwaka bila kukopa Januari, ndipo fikiria mbali. Kabla ya hapo usidanganywe na mtu wa kukuuzia mpango wowote wa elimu.

Mbuzi ni mwanzo mzuri. Mnunulie mtoto jike mmoja, mwandike jina lake kitabuni, na vizazi vyake viwe vyake kweli. Baba anayemchinja mbuzi wa mtoto sikukuu bila kumuuliza anamfundisha jambo kuhusu akiba ambalo hatalisahau. Mizinga ya nyuki nayo inalipa kwa subira, na inavunwa zaidi kiangazi wakati una nafasi. Tumia ya mbao au ya magogo yaliyokwisha kuanguka. Ya magome inaua mti kwa kila mzinga, na mtoto unayemwekea akiba atakuta msitu hauna maua.

Kwa fedha taslimu, akaunti za watoto zipo karibu benki zote kubwa na ni nzuri kwa kumzoesha mtoto, ila faida yake ni ndogo. UTT AMIS, taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, wana Mfuko wa Watoto, unanunua vipande, yaani sehemu ndogo za mfuko huo, kidogokidogo kwa jina la mtoto, na thamani ya kipande inaweza kupanda au kushuka, kwa hiyo usiweke humo hela ya Januari. Aliyefikisha shilingi 1,000,000 isiyo na kazi anaweza kununua hatifungani ya serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, kupitia benki yake. Ipo ya miaka miwili hadi 25, na riba inaingia kila baada ya miezi sita. Mtoto akiwa darasa la kwanza, ya miaka 10 inaiva akiwa sekondari. Yeyote anayekuahidi kuzidisha hela yako mara mbili kwa mwezi, hata kama mnasali msikiti mmoja au kanisa moja, mwache aende.

Hatua ya kumi: baada ya kidato cha nne

Matokeo yakitoka, kaa na kijana siku mbili kabla ya kusema lolote. Halafu zungukeni. Waliochaguliwa kidato cha tano huanza Julai, hivyo hela yake iko kwenye msimu, afadhali. Kwa wengine, mkoa wenyewe una VETA, Chuo cha Reli, Chuo cha Nyuki, Chuo cha Utumishi wa Umma na chuo kikuu kishiriki cha AMUCTA, na kwa kila kimoja nendeni getini mkaulize sifa za kujiunga, ada kwa mwaka, na waliomaliza mwaka juzi wako wapi. Hilo la mwisho ndilo wasilopenda kuulizwa, liulize. Anayekwenda kidato cha sita na kutazamia chuo kikuu aanze mafaili ya mkopo mapema: dirisha la maombi hufunguliwa katikati ya mwaka, na foleni ya kuhakiki vyeti huwa ndefu wiki ya mwisho. Nakala zote ziwekwe kwenye bahasha moja ya plastiki, mbali na panya, na kijana mwenyewe awe ndiye anayeitunza.